Aliye Mbali Anaona, Jirani Anazimiwa: Miaka Mia ya Mipaka ya Matangazo ya Michezo

Jumamosi ya Novemba 29, 1969, televisheni ya taifa ya Sweden ilirusha moja kwa moja mechi ya ligi ya England kati ya Wolverhampton Wanderers na Sunderland. Wolves walishinda 1-0. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya kwanza ya kipindi cha Tipsextra, kilichowakalisha Waswidi sebuleni Jumamosi za majira ya baridi kwa miaka mingi. Kilichokizaa kipindi hicho ni kamari. Waswidi walikuwa wakibashiri matokeo ya mechi za England kwenye kuponi za Tipstjänst, kampuni ya serikali, na mtu aliyeweka hela yake hapendi kusubiri gazeti la kesho. Shabiki aliyekuwa nyumbani kwake mjini Sunderland, mji wenye timu, hakuiona mechi hiyo ikichezwa. Yeye alizuiwa.

Dar es Salaam nayo wakati huo ilikuwa na Sunderland yake. Klabu tunayoiita Simba leo ilibeba jina hilo la Kiingereza hadi mwaka 1971. Mashabiki wake hawakuwa na mechi ya kunyimwa kwenye kioo, kwa kuwa kioo chenyewe hakikuwapo. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Walikuwa na uwanja na Radio Tanzania Dar es Salaam, na mawimbi ya redio hayaulizi mtu anakaa mtaa gani.

Na Alby, kitongoji tutakachokirejea mara kwa mara? Mwaka 1969 ilikuwa bado mashamba na misitu kando ya ziwa, kusini mwa Stockholm. Serikali ya Sweden ilikuwa imeamua kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974, na maghorofa ya Alby yaliinuka kwenye miaka ya mwisho ya mpango huo. Januari 1975 treni ya chini ya ardhi ikafika, ikashusha abiria kwenye stesheni iliyochongwa ndani ya mwamba na kupakwa rangi ya kijani. Wahamiaji wakaingia wimbi baada ya wimbi, na leo manispaa ya Botkyrka, ambayo Alby ni sehemu yake, inajulikana Sweden nzima kwa wingi wa lugha zake. Mkazi wa hapo akishika rimoti au simu jioni, mechi anayoruhusiwa kuiona imekwishaamuliwa na mikataba iliyosainiwa London, New York, Cairo na Dar es Salaam. Mikataba hiyo ina historia ndefu, na imejaa vichekesho.

Tuanze England, kwa kuwa zuio maarufu kuliko yote ni la huko. Septemba 10, 1960, televisheni ya ITV ilionyesha mechi ya Blackpool na Bolton mubashara, mechi ya kwanza ya ligi kurushwa hivyo nchini humo. Jaribio likafa pale pale, na mechi nyingine ya ligi haikuonyeshwa mubashara hadi Oktoba 1983. Aliyepiga kelele kuliko wote dhidi ya kamera alikuwa Bob Lord, mfanyabiashara wa nyama na mwenyekiti wa Burnley. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: klabu ndogo inaishi kwa viingilio vya getini, na mtu anayeweza kuiona Manchester United bure akiwa amekaa kitini hatatoka kwenye mvua kwenda kuiona Burnley. Kwa miaka kadhaa katika muongo ule alizizuia kamera za BBC kuingia uwanjani kwake. Hatimaye wazo hilo likaingia kwenye kanuni za UEFA, Kifungu cha 48, kinachokiruhusu chama cha soka kuchagua saa mbili na nusu za wikendi ambazo mechi haziruhusiwi kurushwa mubashara nchini mwake. England ilichagua Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, na imeshikilia muda huo hadi leo.

Mtu anaweza kumcheka Bob Lord, lakini alijua alichokuwa anakilinda, yaani geti. Nimemtaja mapema kwa makusudi, kwa sababu wengi waliomfuata waliulinda mkataba tu, na geti lilikuwa kisingizio.

Marekani hofu ya geti ilianza mapema zaidi. Agosti 5, 1921, kituo cha redio cha KDKA mjini Pittsburgh kilitangaza mechi ya besiboli kati ya Pirates na Phillies, mtangazaji akiwa Harold Arlin. Wamiliki wa timu waligawanyika. Wapo walioona redio inaita watu uwanjani, na wapo walioona inawafungia nyumbani. Timu tatu za New York, Yankees, Giants na Dodgers, zilikubaliana mwaka 1934 kuwa hakuna atakayeruhusu redio kwa miaka mitano. Mji mkubwa kuliko yote Marekani ukakaa kimya huku miji midogo ikisikiliza. Dodgers ndio waliouvunja ukimya huo mwaka 1939, wakamleta mtangazaji Red Barber, na viti vyao havikubaki vitupu.

Pittsburgh kwenyewe kukatokea kisa kilichoweka msingi wa kila kitu kilichofuata. Kituo cha KQV, ambacho hakikuwa na mkataba, kiliweka watu wake mahali palipoinuka nje ya uwanja wa Forbes Field, wakawa wanachungulia juu ya ukuta na kutangaza kilichokuwa kikiendelea, kama watoto wanaopanda mwembe nje ya uwanja siku ya Simba na Yanga. Klabu ilishitaki. Mwaka 1938 mahakama ikaamua kuwa habari za mchezo unaochezwa ndani ya ukuta ni mali ya klabu, na klabu ndiyo inayochagua nani azitangaze. Tangu hapo mechi ikawa bidhaa yenye mmiliki. Bidhaa yenye mmiliki hugawiwa maeneo ya kuuzia, na mwaka 1961 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoziruhusu ligi za michezo kuuza haki za televisheni kwa pamoja bila kushitakiwa kwa kuua ushindani.

Ramani ya maeneo ya besiboli ilichorwa kwa ajili ya televisheni ya mkoa. Kila timu ilipewa eneo lake, na kituo cha mkoa kilichonunua mechi zake kilihakikishiwa kuwa hakuna mwingine atakayezirusha humo. Wakati watu wote walikuwa na waya wa televisheni ya kulipia, ramani hiyo haikumsumbua mtu sana. Kisha ikaja intaneti. Agosti 26, 2002, ligi kuu ya besiboli ilirusha mechi ya Yankees na Texas Rangers mtandaoni, ikatazamwa na watu kama 30,000. Mwaka uliofuata huduma ya MLB.TV ikaanza kuuzwa, ikiahidi karibu kila mechi ya msimu, isipokuwa za timu ya eneo lako.

Hapo ndipo Iowa ilipoingia kwenye vitabu vya historia. Jimbo hilo la mashamba ya mahindi halina timu hata moja ya ligi kuu. Lakini timu sita za majimbo ya jirani zilidai kuwa Iowa ni eneo lao: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals wa St. Louis, Royals wa Kansas City, Twins wa Minnesota na Brewers wa Milwaukee. Mkazi wa Des Moines, anayekaa zaidi ya kilomita 500 kutoka Chicago, alilipia huduma ya mtandaoni akakuta timu zote sita anazoweza kuzipenda zimezimwa. Las Vegas nayo ilidaiwa na timu sita. Tena si kila mahali kituo cha mkoa kilichokuwa kikilindwa na zuio kilipatikana kwenye televisheni ya eneo husika. Kwa hiyo mtu alizuiwa kuiona mechi mtandaoni ili asiikimbie televisheni ambayo hata kwake haikufika. Mwaka 2021 ligi ilipeleka mechi rasmi ya White Sox na Yankees kwenye uwanja uliojengwa katikati ya mahindi huko Dyersville, Iowa, ikatengeneza picha nzuri mno kwa televisheni ya taifa. Siku nyingine za msimu, watu wa Dyersville waliendelea kuzimiwa White Sox hao hao.

Sasa mweke mpenzi wa besiboli huyo huyo Alby. Nje ya Marekani na Kanada ramani ya maeneo ya timu haifanyi kazi. Kompyuta ya kampuni inasoma anwani ya IP, inaona Sweden, na inafungua. Cubs, Cardinals, Twins, wote anawaona, na tatizo lake ni usingizi tu, maana mechi ya jioni Chicago huanza usiku wa manane Stockholm. Wapo wanaodhani besiboli ni mgeni kabisa huko. Lakini Julai 1912, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, klabu ya Västerås ilicheza na Wamarekani mechi ya maonyesho, ikafungwa 13-3 licha ya kuazimwa wachezaji na wapinzani wenyewe. Besiboli haikushika mizizi kama soka, na ndiyo maana Mswidi anaachiwa kila kitu: hakuna kituo cha mkoa chenye mkataba wa kulinda dhidi yake.

Mpenzi wa soka aliyetoka Tanzania au Kenya akahamia mtaa huo huo ana hesabu nyingine.

Kwa muda mrefu jawabu la mhamiaji lilikuwa ungo. Sweden ilikuwa na chaneli mbili tu, zote za umma, hadi usiku wa Desemba 31, 1987, pale TV3 ya tajiri Jan Stenbeck ilipoanza kurusha matangazo ya Kiswidi kutoka London kwa setilaiti, ikaukwepa ukiritimba wa serikali kwa kupita juu yake. Wahamiaji waliielewa teknolojia hiyo haraka kuliko wenyeji. Balkoni za vitongoji vya Stockholm zikajaa nyungo zilizoelekezwa kwenye setilaiti za Kituruki na Kiarabu, na Waswidi wakaanza kukitambua kitongoji cha wahamiaji kwa nyungo zake. Ungo haukujali mpaka wala mkataba. Boriti ya setilaiti ikifika, umeona.

Adui wa ungo alikuwa mwenye nyumba. Kampuni nyingi za kupangisha zilivikataza vyombo hivyo kwa sababu za usalama na sura ya jengo, na kesi moja ikafika mbali. Wanandoa wenye asili ya Iraq, wapangaji wa Rinkeby upande wa pili wa jiji, waliamriwa kuuondoa ungo wao. Waliuweka kwenye mkono wa chuma uliotokeza dirishani jikoni, lakini mwenye nyumba hakuridhika. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Svea iliruhusu mkataba wao wa kupanga uvunjwe, familia ikahama. Desemba 16, 2008, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kuwa Sweden ilikiuka haki yao ya kupokea habari. Majaji walieleza kuwa haki hiyo haiishii kwenye siasa, utamaduni na burudani vimo pia, na kwamba kwa familia ya wahamiaji, kuendelea kugusana na lugha na utamaduni wa nyumbani ni jambo kubwa. Naiona hukumu hiyo kuwa nzito kuliko mengi yaliyosemwa tangu hapo kuhusu haki ya mtu kutazama.

Mswahili hakufaidi sana zama za ungo, ingawa ushindi huo ulikuwa wake pia. Setilaiti zilizobeba chaneli za Afrika Mashariki zilielekeza boriti Afrika. Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, hutumia setilaiti ya Eutelsat iliyoko nyuzi 7 mashariki, na boriti yake imekusudiwa Kigoma na Mombasa. Mturuki wa Alby aliweza kuitazama ligi ya kwao kwa ungo wa bei rahisi. Mtanzania wa ghorofa hiyo hiyo alisubiri simu ya ndugu au redio ya mtandaoni.

Huko nyumbani nako vita vya haki vilikuwa vimepamba moto. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni Afrika baada ya kununua haki za asilimia 80 ya mechi mubashara za Ligi Kuu ya England katika sehemu kubwa ya bara, kuvunja ufalme wa DStv. Watu wa Kampala, Nairobi na Dar wakanunua ving'amuzi vipya. Januari 2009 GTV ikafilisika ghafla, na ving'amuzi vikabaki mapambo juu ya kabati. Aliyenusuru hali ni mwenye kibanda umiza: aliyelipia kifurushi kimoja, akapanga mabenchi, akaandika ratiba kwa chaki mlangoni, akatoza kiingilio ambacho kijana wa mtaani anaweza. Wenye haki walimwita mwizi. Kwa maoni yangu ndiye aliyelijenga soko ambalo kampuni zinaligombania leo.

Bob Lord angeshangaa kuona Jumamosi ya Afrika Mashariki. Kifungu cha 48 ni cha UEFA, hakituhusu. Saa tisa alasiri ya England ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwetu, na hutanguliwa na mechi ya mapema inayogongana uso kwa uso na saa kumi jioni, saa ambayo ligi zetu zimezoea kucheza. Burnley ililindwa dhidi ya Manchester United. AFC Leopards na Gor Mahia hazikulindwa na mtu. SuperSport iliyokuwa ikirusha ligi ya Kenya ilijiondoa mwaka 2017, na klabu zikabaki bila hela ya televisheni na bila mashabiki ambao televisheni hiyo hiyo ilikuwa imeshawazoesha Old Trafford. Tanzania ilikwenda njia nyingine. Yanga waligoma mwanzoni Azam ilipokuja na mkataba wa kurusha ligi, wakihoji inakuwaje mmiliki wa timu pinzani ndiye mwenye kamera. Lakini Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na wengi sasa wanaona ligi hiyo imenawiri kwa kuonekana. Sijui kama Lord angekubali, lakini ushahidi wa Dar es Salaam unampinga.

Ulaya nayo ilikuwa ikijadiliana na kuta zake. Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, aliwaonyesha wateja wake mechi za Ligi Kuu kwa king'amuzi cha Ugiriki, kilichokuwa rahisi zaidi na kilichoonyesha hata mechi za Jumamosi saa tisa. Alitiwa hatiani na kutozwa faini. Oktoba 4, 2011, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema nchi haiwezi kukataza kadi za ving'amuzi halali vya nchi nyingine ya Umoja, na hatia yake ikafutwa mwaka uliofuata. Watu walidhani ukuta umeanguka, lakini wenye haki walijipanga upya kwa mikataba tofauti. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2018 ilipiga marufuku kumfungia mnunuzi kwa sababu ya nchi yake anaponunua viatu au friji mtandaoni, ila picha za video, michezo ikiwemo, ziliachwa nje. Desemba 2023 Bunge la Ulaya likapiga kura ziendelee kuachwa nje.

Lipo jambo moja jema lililopatikana. Tangu Aprili 1, 2018, aliyelipia huduma ya kutazama katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya ana haki ya kwenda nayo akisafiri nchi nyingine ya Umoja. Mswidi anayelipia Viaplay, yenye haki za Ligi Kuu ya England nchini Sweden kuanzia 2022 hadi 2028, akienda likizo Hispania anafungua simu na kuendelea. Ila sheria inaishia kwenye mpaka wa Umoja. Mwenye kifurushi halali alichokilipia Temeke, akishuka Stockholm kumtembelea dada yake Alby, sheria hiyo haimtambui. Kituo cha Tanzania kilichonunua mashindano ya nje kwa ajili ya Tanzania hakiruhusiwi kuyapeleka Sweden, hata kama Sweden nzima hakuna aliyeyanunua. Ndipo watu wanapokimbilia VPN, au viungo vya wizi vinavyokatika dakika ya 89.

Marekani, walioanza mchezo huu, wameanza kurudi nyuma, na aliyewasukuma ni muflisi. Mashabiki wa besiboli waliishitaki ligi mwaka 2012. Kesi ilimalizwa kwa maelewano Januari 2016, wakapata punguzo na kifurushi cha timu moja, huku zuio la eneo likibaki karibu lilivyokuwa. Kisha Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports Group, iliyomiliki vituo vingi vya mikoa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mei 31 mwaka huo ligi yenyewe ilichukua matangazo ya San Diego Padres, na mtu wa San Diego akaweza kulipa dola 19.99 kwa mwezi na kuiona timu ya mji wake mtandaoni bila kuzimiwa. Timu nyingine zikafuata. Zuio lililotetewa kwa miongo kadhaa kuwa haliwezi kuguswa liliondolewa mara tu mnunuzi wake alipokosa hela, na hilo linatosha kuonyesha lilikuwa likimlinda nani.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. CAF watauza haki kwa nchi na kwa kanda kama kawaida, na vyama vyetu vya soka vitasaini mikataba mingine ya ligi za ndani kabla na baada ya hapo. Wanaokaa mezani waombe kifungu kimoja tu: mahali ambapo hakuna aliyenunua haki za nchi husika, kituo cha nyumbani kiruhusiwe kumuuzia mtazamaji wa huko kwa bei halali. Watu wa Alby, Leicester, Minneapolis na Muscat wako tayari kulipa, na hela hiyo kwa sasa wanaichukua wauza viungo vya wizi.